HOTUBA JUU YA KUPIMA UKUAJI WA WATOTO WADOGO



Sikuja kuwafundisha wazee wa Isiolo namna ya kutambua uzima. Mchungaji hapa humjua ndama aliyeacha kukua kabla mgeni hajaona lolote. Ombi langu ni kwamba kwa jicho hilo hilo tuwatazame watoto wetu.

Katika kadi ya kliniki imo mistari ipandayo pamoja na umri. Wataalamu huiita pasentaili. Neno ni geni, lakini maana yake ni nyepesi. Wapangeni wavulana 100 wenye afya, wa umri mmoja, kuanzia mwepesi hata mzito. Aliye katika mstari wa 50 yu katikati. Aliye katika mstari wa 3 amewazidi watatu tu. Hizi si alama za mtihani, wala mama asionewe haya kwa ajili yake.

Tazameni wavulana wawili. Wa kwanza alikuwa na kilo 6.4 alipotimiza miezi 6, na kilo 7.8 alipotimiza mwaka. Wa pili alikuwa na kilo 7.9, kisha kilo 8.6. Majirani watamsifu wa pili kwa kuwa ni mzito. Lakini wa kwanza ameongeza kilo 1.4, naye amefuata mstari wake wa 3 bila kuuacha. Wa pili ameongeza kilo 0.7 tu, na ameshuka kutoka mstari wa 50 hata wa 15. Huyo ndiye wa kuulizwa habari zake upesi: je, anaharisha? Anapata maziwa? Kupima mara moja hakuonyeshi jambo hili. Ni lazima kupima mwezi baada ya mwezi.

Wengine husema kwamba vipimo hivi ni vya Wazungu. Sivyo. Vile vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006 vilitokana na watoto wa Brazili, Ghana, India, Norwe, Oman na Marekani. Ilionekana kwamba watoto waliolishwa na kutunzwa vema hukua kwa namna inayokaribiana sana.

Sasa nasema na wazee hasa, kwa kuwa neno hili liko mikononi mwenu. Misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo, tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa 2022, na mifugo ilihamishwa mbali. Ng'ombe akienda fora, maziwa huenda naye, na mtoto hubaki nyumbani na chai ya rangi. Mama hawezi kupandisha mstari wa kadi ikiwa hana cha kukamua.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kila mnapogawa kundi, mnyama mmoja wa maziwa abaki kwa ajili ya watoto. Mkihama, kadi ihame pamoja na mtoto. Na chanjo zikiisha, safari ya mizani isiishe, mpaka mtoto atimize miaka 5.

Tunahesabu mifugo kila jioni. Tusione taabu kuwapima watoto kila mwezi.