Mapambo ya karatasi na majina yaliyobaki ng'ambo

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanamemba na vijana, Uvira, kabla ya kuanza mafunzo ya mapambo



Vijana wameomba tuwafundishe mapambo ya karatasi ya Halloween. Kwenye simu wameona picha za ndugu zao waliotoka Nyarugusu wakapelekwa kuishi Marekani: maboga yenye meno, popo weusi, mifupa ya watu iliyokatwa kwa karatasi. Wazee wengine wamekataa. Wanasema hayo ni mambo ya uchawi. Na tunajua wote, hapa kwetu mtoto anaweza kufukuzwa nyumbani juu ya neno hilo moja tu. Basi wameniomba niseme kidogo kabla hatujagusa makasi.

Halloween ni usiku wa tarehe 31 mwezi wa kumi. Jina lenyewe, katika Kiingereza cha zamani, maana yake ni mkesha wa Watakatifu Wote. Kwa hiyo haiko mbali na sisi. Kesho yake, tarehe 1, Wakatoliki wetu wanaenda misa, na tarehe 2 wanakumbuka marehemu na kufyeka majani makaburini. Watu wa Ireland na Scotland waliohama katika karne ya 19 ndio waliipeleka Marekani. Kwao walizoea kuchonga sura kwenye mizizi ya shambani. Kule wakakuta maboga, wakachonga maboga. Baadaye biashara ikaingia: kampuni moja ya Massachusetts, Dennison, tangu 1909 ilitoa vitabu vidogo vya kufundisha watu kupamba nyumba kwa karatasi, na karatasi yenyewe iliuza yeye.

Kule Mexico, tarehe 1 na 2 mwezi wa 11, watu wanatundika karatasi nyembamba zilizotobolewa maua na ndege. Mafundi wa San Salvador Huixcolotla wanapanga karatasi nyingi pamoja na kuzikata kwa tindo na nyundo. Ni kazi ya mikono ya kuwakumbuka watu wao. Hakuna wa kumwogopa.

Sasa turudi kwetu. Mwisho wa mwezi wa kumi una uzito wake hapa Uvira. Ni wakati huo, mwaka 1996, vita iliingia mjini na watu wakakimbia, wengi wakavuka ziwa mpaka Kigoma. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka ule ule, Lugufu mwaka 1997. Safari za kurudi kwa meli kutoka Kigoma zilianza 2005, na Lugufu ikafungwa 2009. Mulirudi na watoto, mulirudi na masufuria. Lakini makaburi hayapandi meli. Tarehe 2, jirani ambaye hakukimbia anajua pa kwenda kufyeka. Wewe ambaye mama yako amelala Lugufu, siku hiyo unakaa nyumbani.

Ndiyo maana ninasema ombi la vijana ni zuri, pengine kuliko wao wenyewe walivyofikiri. Pendekezo langu ni hili: mifupa tuiache. Tukate maua, ndege na mitumbwi, na juu ya kila ua jamaa iandike jina la mtu wao aliyebaki ng'ambo, ao aliyepotea njiani. Tutayatundika kwenye sale yetu tarehe 1 na 2, halafu kila jamaa itapeleka ua lake nyumbani. Ndugu Waislamu na Waprotestanti wameniuliza kama haya ni maombi ya wafu. Hapana. Ni majina. Asiyetaka kuandika atatusaidia kukata minyororo.

Kazi yenyewe si ngumu. Kaye ya kawaida ya shule, 17 kwa 22, kila karatasi inatoa vipande vitano vya sentimita tatu. Kila kipande unakizungusha kuwa pete, unapitisha ndani ya pete nyingine, unabandika. Kaye moja yenye karatasi 24 inatoa pete 120, ni karibu metre saba za mnyororo. Kwa ua, panga karatasi nne, zikunje mbele na nyuma kama kipepeo, funga uzi katikati, kata ncha ziwe mviringo, kisha inua karatasi moja moja taratibu. Mfuko wa simenti nao una karatasi safi ndani, rangi yake ni nzuri kwa mitumbwi. Kole ni unga wa muhogo: kijiko kimoja, koroga kwanza na maji baridi, halafu pika mpaka ikaze. Pika ya siku moja tu, kesho itachacha na panya wataifuata.

Mambo matatu muyashike. La kwanza: kabla ya kukata karatasi yoyote, mtu anayejua kusoma aisome. Katika mifuko yetu ya zamani kuna kadi za posho za kambi, barua za kuzaliwa kwa watoto, vyeti vya shule na karatasi za kurudi. Kwa aliyerudi, karatasi kama hiyo inaweza kuwa ndiyo ushahidi pekee kwamba mtoto huyu ni wako. Wengine mafuriko ya mwezi wa ine 2020 yaliwanyang'anya hata hizo. La pili: mshumaa usiingie ndani ya pambo, nyumba zetu nyingi ni za mbao na za bashi. Weka tochi. La tatu: tusinunue mapambo ya plastiki. Mvua ikinyesha Mulongwe inayabeba yote mpaka ziwani.

Wafadhili wetu, nawaambia wazi: huu si mradi wa kuleta pesa. Ua la karatasi haliwezi kulipa minerval ya mtoto, na hatutaandika hivyo katika ripoti. Hatuombi katoni za mapambo kutoka Ulaya. Mukitaka kusaidia, mutusaidie makasi kumi na tano, na mifuko ya plastiki migumu ili kila jamaa itunze karatasi zake zisilowe.

Tunaanza Jumamosi saa tatu asubuhi. Leteni kaye zilizokwisha, uzi, na majina. Aliyesahau namna ya kuandika jina la bibi yake, aulize wazee wiki hii, wakingali nasi.