Mtoto Mwenye Kifafa na Dawa Itokayo Katika Mmea wa Bangi

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyejaalia kila maradhi yawe na dawa yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote.

Amma baad. Ndugu zetu Waislamu, tunausiana sisi na nyinyi kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Na kumcha Mungu hakumo katika sala na saumu peke yake. Kumo pia katika namna tunavyowachunga wale tuliowekewa mikononi mwetu, na katika amana zote hizo, iliyo nzito mno ni mtoto mgonjwa.

Kwa muda sasa limekuwa likitujia swali moja, kwanza kutoka kwa jamaa zetu waliohamia Uingereza, na sasa kutoka huku kwetu pwani. Mtoto ana kifafa. Amepewa dawa ya kwanza, ya pili na ya tatu, na bado huanguka mara nyingi kwa siku. Mzazi wake amesikia kuwa iko dawa inayotolewa katika mmea wa bangi, naye anauliza kama ni halali kumpa mwanawe. Wengi huuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba kule kuuliza tu kumekwisha kuwa dhambi. Si dhambi. Mwenye kumtafutia mtoto wake dawa yumo katika ibada, na aliye katika ibada hana haja ya kunong'ona.

Tukumbuke kwanza kuwa kifafa hakikuwa kigeni katika zama za Mtume (S.A.W.). Wamepokea Bukhari na Muslim, kwa njia ya Ata bin Abi Rabah kutoka kwa Ibn Abbas, habari ya mwanamke mweusi aliyemwendea Mtume akamlalamikia kuwa huanguka na nguo zikamfunuka. Mtume akamkhiyarisha baina ya kusubiri apate Pepo na kuombewa apone. Akachagua kusubiri, lakini akaomba dua asifunuke tena, naye akaombewa. Tutazameni jambo hili vizuri. Hakuambiwa kuwa ana laana, wala hakufukuzwa. Na subira yake aliichagua yeye mwenyewe, hali ya kuwa ni mtu mzima mwenye akili. Mtoto mchanga hawezi kuchagua subira, na mzazi hana ruhusa kumchagulia mwanawe mateso kisha akayaita subira.

Huku kwetu wako watu ambao mpaka leo wakiona degedege au kifafa husema ni pepo. Mtoto hufukizwa mavi ya ndovu, hufungwa hirizi, hufichwa chumba cha nyuma wageni wasimwone. Akianguka motoni hakuna wa kumshika, kwa kuogopa kuwa povu lake litawaambukiza. Ndugu zetu, kifafa ni maradhi ya ubongo na hayaambukizi kwa povu. Mtoto akianguka, ondoeni vitu vya kumuumiza, mlazeni kwa ubavu, wala msimtie kijiko wala kidole kinywani. Kumsomea Qurani na kumwombea dua ni jambo jema, lakini halimzuii mtu kwenda hospitali.

Sasa tuje kwenye hukumu. Bangi kwa ajili ya ulevi ni haramu, na jambo hili maulamaa hawakulifanyia mzaha. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, aliikemea hashishi kwa ukali mkubwa, na Zarkashi, aliyefariki mwaka 1392, alitunga risala nzima kuhusu uharamu wake. Lakini maulamaa wale wale hawakuacha kumtazama mgonjwa. Imam Nawawi wa madhehebu yetu ya Shafi, katika suala la mtu ambaye mkono wake umeoza na hapana budi ukatwe, ameona kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa yajuzu apewe kitu cha kumwondolea fahamu kisichokuwa pombe, ili aweze kukatwa. Na Mwenyezi Mungu ametufundisha katika Surat al-Baqara, aya ya 173, kuwa aliyelazimika pasi na kutamani wala kupita kiasi hana dhambi.

Kiko kisa cha kale alichokihifadhi al-Badri katika karne ya 15. Kijana mmoja wa Baghdad, mwana wa mkubwa mmoja katika baraza la Khalifa, alikuwa na kifafa. Mshairi Ali bin Makki akampa hashishi, ingawa mwenyewe hakuitaka. Kifafa kikamwondoka, lakini akawa mtumwa wa hashishi, hawezi kukaa bila yake hata kidogo. Wapenzi wa bangi wanapenda kusimulia nusu ya kwanza ya kisa hiki tu.

Elimu ya leo imefanya kile ambacho Ali bin Makki hakuweza. Imeipambanua mmea. Ndani yake mna kitu kiitwacho tetrahidrokanabinoli, ambacho ndicho kinacholewesha, na mna kingine kiitwacho kanabidioli, ambacho hakilewi. Dawa ya watoto iliyokubaliwa na wakuu wa dawa wa Marekani mwezi Juni mwaka 2018, kwa jina la Epidiolex, ni kanabidioli iliyosafishwa. Mwaka mmoja kabla yake, yaani 2017, yalitangazwa matokeo ya majaribio kwa watoto na vijana 120 wenye aina kali ya kifafa iitwayo Dravet. Katika waliopewa dawa, mianguko ya kawaida yao ilishuka kutoka kama 12 kwa mwezi hadi kama 6. Katika waliopewa kinywaji kisicho na dawa, haikushuka ila kidogo sana. Waliopona mianguko kabisa walikuwa wachache mno. Basi ni dawa, wala si muujiza. Huleta usingizi, kuharisha na kukosa hamu ya chakula, na yaweza kudhuru ini, hasa ikikutana na dawa nyingine ya kifafa iitwayo valproeti. Kwa hiyo damu ya mtoto hupimwa kila baada ya muda.

Wameuliza wengine kuhusu alkoholi, kwa sababu dawa hii huyeyushwa katika mafuta ya ufuta pamoja na alkoholi kidogo. Jawabu la mafakihi wa Shafi ni kuwa pombe tupu haitumiwi kuwa dawa; ama kilichochanganyika kikapotea ndani ya dawa, yajuzu ikiwa tabibu mwaminifu amesema kuwa hapana nyingine ya kushika mahali pake. Mtoto huyu amekwisha kujaribiwa dawa nyingine zikashindwa. Basi mzazi asiwe na wasiwasi.

Kuna vijana watakaoyasikia maneno haya wakatoka msikitini wakisema kuwa bangi imehalalishwa. Hao hawakusikia. Anayevuta msokoto barazani hana maradhi ya kifafa, na hakuandikiwa na daktari. Vile vile mama anayechemsha majani aliyonunua kichochoroni akamnywesha mwanawe hajui amempa kiasi gani, wala kileo kiasi gani. Atamdhuru mtoto, naye ataingia mikononi mwa polisi, kwani sheria ya Kenya ya mwaka 1994 na ya Tanzania ya mwaka 2015 zimekataza kulima, kuuza na kuwa na bangi. Mtoto mgonjwa ambaye mama yake yuko gerezani amezidishiwa maradhi.

Lakini hatuwezi kuwaambia wazazi wangoje tu, kisha tukanyamaza. Tazameni Uingereza. Kabla ya sheria kubadilishwa, wazazi waliweza kunyang'anywa dawa ya mtoto katika uwanja wa ndege. Kelele zao ndizo zilizofanya sheria ibadilishwe tarehe 1 Novemba 2018, madaktari bingwa wakaruhusiwa kuiandika. Tangu mwaka 2020 hospitali za serikali huko hutoa kanabidioli kwa baadhi ya watoto wenye kifafa kikali. Ama mafuta mengine ya mmea huo, ambayo yana kileo kidogo, wanaoyapata kwa serikali ni wachache mno. Wengine hununua kwa madaktari wa kulipwa, na wako waliotoa zaidi ya paundi elfu moja kwa mwezi. Mlango umefunguliwa, na aliye maskini amesimama nje akitazama.

Kwetu sisi mlango ulio karibu zaidi ni mwingine, nao unasikitisha kwa sababu uko wazi na watu hawaingii. Shirika la Afya la Dunia linasema watu kama milioni 50 wana kifafa, na kiasi cha 70 katika kila 100 wangeweza kuishi bila ya kuanguka wakitibiwa ipasavyo. Katika nchi maskini wengi wao hawatibiwi kabisa. Fenobabitoni ni dawa ya zamani na ya bei ndogo. Kule Mahenge, Tanzania, daktari Louise Jilek-Aall aliwatibu kwayo, kuanzia miaka ya 1960, watu waliokuwa wametengwa na jamaa zao. Dawa hiyo hunywewa kila siku, wala haikatizwi ghafla mtoto anapoonekana mzima, maana kuikatiza ghafla huleta mianguko mibaya kuliko ya kwanza.

Basi mzazi aanze na kliniki iliyo karibu naye, asimamie dawa hiyo kwa uaminifu. Ikishindwa, na ya pili ikashindwa, aombe barua ya kwenda kwa daktari bingwa wa maradhi ya ubongo, na huko aulize waziwazi kuhusu kanabidioli. Madaktari Waislamu na maulamaa wakae pamoja waipelekee Wizara ya Afya ombi kuwa dawa hii ipatikane kwa njia ya halali kwa watoto wanaoihitaji. Na matajiri wetu wajue kuwa nauli ya mama fukara kwenda hospitali ya rufaa, na bei ya dawa ya mwanawe, ni mahali panapostahiki zaka na sadaka. Kamati za misikiti na ziwaandike watoto hao wiki hii, majina yao yabaki kwa kamati, yasitangazwe.

Twasema haya, na twamwomba Mwenyezi Mungu maghufira kwa ajili yetu na yenu, na awape watoto wetu siha. Amin.