Siku ya Kumi Si Siku ya Kutupa Dawa

Wasikilizaji wangu wa Migori na Homa Bay, leo nina hasira. Nimekuta tena mama, safari hii huko Sori, amefunga dawa za sonona kwenye leso. Alizimeza siku kumi, akaziacha. Mbona? "Hazifanyi kazi." Nani alikuambia siku kumi zinatosha?

Sikizeni. Sonona, hiyo huzuni isiyoisha hata omena ikinunuliwa vizuri, si uvivu wala si laana ya chira. Dhiki ikikaa sana, mwili humwaga kotisoli, homoni ya dhiki, kupita kiasi, usingizi ukavurugika, na sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu huweza kusinyaa. Nanyi mnaosema ni serotonini tu, kemikali ya ubongo, imepungua, mambo si mepesi hivyo. Dawa ya sonona kama fluoksetini huongeza serotonini kati ya seli za neva kwa saa chache, lakini nafuu haiji siku hiyo. Seli zinahitaji muda kuzoea na kuunda miunganisho mipya: wiki 2, 4, pengine 6. Wewe umetupa siku ya kumi!

Kinachoniudhi zaidi, hapa Homa Bay watu humeza ARV, dawa za VVU, kila jioni taarifa ya habari ikianza, mwaka nenda mwaka rudi. Nidhamu mnayo! Na waliotumia efavirenzi, mojawapo ya ARV hizo, wanajua ilivyowaletea wengine ndoto mbaya na majonzi. Basi mtajieni daktari kila dawa mnayomeza.

Nanyi vijana wa machimbo ya Macalder, chang'aa haiondoi mawazo. Inakulaza saa tatu, inakuamsha saa tisa na huzuni maradufu. Ukiichanganya na amitriptilini, dawa nyingine ya sonona, unaweza kulala usiamke.

Ushauri nasaha nao husaidia. Hilo tutalizungumza siku nyingine. Leo ni dawa! Mwingine akipata nafuu tu, anaacha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema uendelee miezi 9 hadi 12 baada ya kupona, kisha upunguze polepole, daktari akikuongoza. Mawazo ya kufa yakizidi, hasa wiki za kwanza, rudi kliniki siku hiyohiyo. Usiogope polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu, kilichowaadhibu waliojaribu kujiua, kinakiuka Katiba.

Na nyinyi mama wakwe mnaoficha vidonge vya wake za wana wenu, eti vitawafanya mazezeta, virudisheni leo, kabla ya chakula cha jioni.