Sikio Halitoi Damu
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wafanyakazi, Mombasa)



Tumesimama mbele yenu kwa ajili ya mwenzetu mmoja. Yumo humu ukumbini, lakini maneno haya hayapati ila kwa kutazama midomo yetu. Miaka 19 amegonga kutu katika mabamba ya meli na kusaga chuma kwa grenda. Leo adhana humpita, na mjukuu wake humvuta nguo ndipo ageuke. Alipodai fidia alikataliwa kwa barua ya mistari sita. Hoja zake ni mbili: ati hakuna ajali iliyoandikwa, na ati uziwi wake ni wa uzee.

Twauliza: tangu lini kelele ikatoa damu? Mkono ukikatwa na mashine, karakana nzima hushuhudia. Sikio hufa kidogo kidogo bila ya jeraha, na vinyweleo vya ndani vinavyopokea sauti vikishakufa havioti tena. Ndiyo maana Sheria ya Fidia ya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007 haikutaja ajali peke yake, bali imetaja na maradhi yatokanayo na kazi. Hoja ya kwanza imeanguka.

Amma hoja ya uzee, jawabu lake limo katika kipimo. Kelele ya kazi kwa kawaida hula masikio yote mawili, na huanza kwenye sauti nyembamba, khasa karibu ya mitetemo 4,000 kwa sekunde. Kwenye 8,000 usikivu mara nyingi hurudi kiasi. Uzee hauendi hivyo: kila sauti ikizidi wembamba, uziwi nao huzidi. Katika mchoro wa daktari, kelele huacha shimo, na uzee huacha mteremko. Mtu mzima aweza kuwa na yote mawili, lakini uzee haufuti kilicholiwa na kelele. Mwenzetu amepimwa baada ya kukaa mbali na kelele saa 16, na shimo lile limeonekana kulia na kushoto.

Kanuni za kelele za mwaka 2005 ziliweka mpaka wa desibeli 90 kwa saa 8, na kelele ikipita 85 zilimtaka mwajiri awe na mpango wa kuipunguza. Basi vipimo vya kelele vya karakana ile viko wapi? Wazee wamesema mali bila ya daftari hupotea bila ya khabari. Hapa daftari analo tajiri, na hasara anayo maskini.

Ndugu zetu, barua ya kukataliwa si mwisho wa njia. Asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ana siku 60 za kumpelekea pingamizi kwa maandishi. Mkurugenzi hutakiwa ajibu kwa siku 14 na atoe sababu zake. Asiporidhika tena, mdai ana siku 30 za kukata rufani katika mahakama ya kazi. Siku zikipita, haki hulala pamoja nazo. Kwa mwenzetu leo ni siku ya 43.

Vitu vinne vyatakiwa:

1. Barua ya kukataliwa, yenye tarehe yake.
2. Hati za mshahara, zithibitishe miaka ya kazi.
3. Mchoro wa masikio, pamoja na maandishi ya daktari yanayotaja sababu ya uziwi.
4. Maelezo ya waliofanya kazi naye: mashine zipi, saa ngapi kwa siku, na kama vizibo vya masikio vilitolewa au havikutolewa.

Vitatu vya kwanza tunavyo. Cha nne kimo vifuani mwenu. Twaijua khofu yenu, maana nasi tuna watoto wanaongoja mshahara wa mwisho wa mwezi. Lakini aliyesimama kando ya grenda ile miaka kumi naye ana sikio linalokufa, na barua ya mistari sita inamngoja.

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Katibu ameketi mlangoni na daftari lake. Kabla hamjatoka, tunawaomba mpite kwake.