Gundi ya Mkorosho na Picha za Ndani ya Mwili

Gundi inayotoka kwenye shina la mkorosho inaweza kugeuzwa kuwa nukta za kaboni, yaani chembe ndogo mno, zenye upana wa nanomita chache tu, ambazo hung'aa zikimulikwa kwa mwanga wa urujuanimno. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Nukta hizo ni miongoni mwa maumbo ya kaboni yanayochunguzwa ili yatumike kama dawa za kontrasti, zile anazopewa mgonjwa ili kiungo kinachopimwa kionekane wazi kwenye picha.

Asili ya mkorosho ni Brazil, na huko ndiko watafiti walikoeleza njia hiyo mwaka 2015. Katika mashamba ya Masasi na Newala, nchini Tanzania, gundi ileile huchuruzika palipokatwa tawi au palipotobolewa na wadudu, ikakauka juu ya gome na kuwa mabonge magumu ya manjano. Sehemu kubwa yake ni sukari zilizoungana kwa minyororo mirefu. Ikipashwa moto katika oveni ya mikrowevu, minyororo hukatika na kaboni hujikusanya kuwa nukta. Maabarani, nukta hizo ziliingia ndani ya seli hai, nazo seli zikaonekana ziking'aa chini ya hadubini.

Haja ya dawa mpya za kontrasti ni kubwa. Kwa picha za tumbo hutumika bariamu, kwa CT scan iodini, na kwa MRI gadolini, iliyoanza kuruhusiwa mwaka 1988. Gadolini ikiwa huru ni sumu, ndiyo maana hufungwa ndani ya molekuli nyingine. Mwaka 2006 madaktari waliihusisha na ugonjwa wa kukakamaa ngozi kwa watu ambao figo zao zimeshindwa kazi. Kaboni inatoa kifungo imara zaidi: fulerini, tufe la kaboni lililogunduliwa mwaka 1985, linaweza kuifungia gadolini ndani yake kabisa.

Vikwazo navyo vipo. Mwanga wa nukta haupenyi mbali mwilini, kwa hiyo hauwezi kuonyesha ini au ubongo kutoka nje. Umbo jingine la kaboni, neli ndefu na ngumu, likivutwa mapafuni huweza kudhuru kama nyuzi za asbesto. Kabla ya chembe yoyote kudungwa mshipani, ni lazima ijulikane inakaa wapi mwilini na inatoka kwa njia gani.

Kwa hiyo gundi ya shambani si dawa, na haipaswi kunywewa wala kupakwa kwa kutarajia matokeo hayo. Mgonjwa wa Newala au Masasi anayepewa rufaa ya kupigwa picha yenye kontrasti bado atapewa dawa za sasa. Kinachomlinda ni kumweleza mhudumu mapema kama ana ugonjwa wa figo, ana mzio, au ni mjamzito.