MILA NA KUKUA KATIKA SHULE ZA MISHENI
Hotuba ya Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Kwa desturi karani husoma hesabu na kumbukumbu, kisha huketi. Mwaka huu Kamati imetuagiza tuseme machache juu ya shule, kwa kuwa mbele ya mkutano huu lipo shauri la Mfuko wa Elimu, nalo limewagawa wanachama. Twaomba radhi mapema, maana sisi ni watu wa miaka thelathini na kitu, nasi twasema mbele ya baba zetu na mama zetu.

Shauri lenyewe ni hili. Tangu Mfuko uanzishwe, fedha zake zimewalipia watoto walioitwa katika shule kongwe za bweni zilizoanzishwa na misheni. Watoto wa shule za kutwa hawapati. Wanaotaka kanuni hii idumu husema, tena kwa busara, ya kuwa mwacha mila ni mtumwa. Nasi twaikubali mithali hiyo. Sisi wenyewe tulilelewa na shule ya misheni. Humo tulifunzwa kuamka kwa kengele, kufagia, kusali, na kuandika mwandiko unaosomeka. Na mkate tulao hadi leo watokana na mwandiko huo. Hatukusimama hapa kumtukana mama aliyetulea. Ila twauliza: mila ya shule hizo ni ipi hasa?

Na tuutazame ukoo mmoja wa shule hizo. Mwaka 1906 wamisionari wa C.M.S. walianzisha shule huko Maseno. Mwaka 1918 misheni kadhaa za Kiprotestanti zilifanya muungano huko Kikuyu: ya Scotland, ya C.M.S., ya Africa Inland na ya Methodist. Tarehe 1 Machi 1926 muungano huo ukafungua shule hapo hapo Kikuyu, kwa wavulana wasiozidi thelathini. Ndiyo Alliance High School, na jina lake latokana na muungano huo. Vijana waliomaliza masomo ya Maseno walipelekwa huko waendelee. Maseno haikusema, "Hawa ni wetu." Iliwafundisha, kisha ikawatoa.

Hata mwalimu wake mkuu ilimtoa. Bwana Carey Francis aliacha kufundisha hesabu katika Chuo Kikuu cha Cambridge, akaja Maseno mwaka 1928. Alikaa huko miaka kumi na miwili, na mwaka 1940 akahamia Alliance, akawa mkuu wake hadi mwaka 1962. Wapo wazee wanaomkumbuka kwa ukali wake, na wapo wanaomkumbuka kwa haki yake. Wengi humkumbuka kwa yote mawili.

Tena tuutazame upande wa mabinti. Wakati ule wapo waliosema kwamba elimu ya juu haimfai msichana. Hata hivyo wasichana wachache walipokewa Alliance, wakasoma pamoja na wavulana. Na mwaka 1948 wakafunguliwa shule yao wenyewe karibu na hapo, ambayo leo twaiita Alliance Girls. Shule ya kaka iliwapa nafasi dada zake, hata wakapata nyumba yao.

Wala hatusemi ya kuwa ukoo huu haukuwa na kasoro, au kwamba haukugombana na mila za wazee. Mwaka 1929, misheni zilipowadai Wakristo wa Kikuyu waikane tohara ya wasichana, desturi ambayo sheria ya nchi imeipiga marufuku, wazazi wengi waliwaondoa watoto wao shuleni. Lakini angalieni walilofanya baadaye. Hawakuwaacha watoto wakae mashambani bila kusoma. Walichanga, wakajenga shule zao wenyewe, na mwaka 1939 wakafungua chuo cha waalimu huko Githunguri. Baada ya Hali ya Hatari kutangazwa mwaka 1952, serikali ya kikoloni ilizifunga nyingi za shule hizo. Basi wale walioshika mila kwa nguvu kuliko wote ndio waliofungua milango mipya.

Baada ya Uhuru mambo yakageuka tena. Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 iliziweka shule za misheni chini ya Serikali, makanisa yakabaki wadhamini. Mwaka 1970 Alliance ikapata mkuu wake wa kwanza Mwafrika, Bwana Joseph Kimura. Wenye shule walibadilika, na kengele ikaendelea kulia.

Wazee wetu, mtatuambia kwamba shule hizo tangu mwanzo zilichagua wachache, na kwamba kuchagua nako ni mila yake. Ni kweli. Lakini zilichagua kwa kuwa nafasi zilikuwa chache, si kwa kuwa waliobaki hawakustahili. Ushahidi tunao hapa hapa Nairobi. Bwana Carey Francis alipostaafu mwaka 1962 angaliweza kurudi kwao akapumzike. Hakurudi. Alikwenda Pumwani, akafundisha watoto wa mtaa ule kama mwalimu wa kawaida, chini ya mkuu mwingine, hadi alipofariki mwaka 1966. Mtu aliyeongoza shule iliyosifiwa kuliko zote hakuona haya kushika chaki katika shule isiyokuwa na sifa. Kama yuko mtu aliyeijua mila ya shule zile, ni yeye.

Sasa twaungama jambo letu. Mwaka jana, mwezi wa pili, mama mmoja mjane, mwanachama wetu, alileta barua ofisini. Kwa miaka kumi na mmoja hajakosa ada ya Chama hata mwezi mmoja. Binti yake alikuwa katika kidato cha pili cha shule ya kutwa. Hakuomba karo, kwa sababu tangu mwaka 2008 Serikali hulipia masomo katika shule hizo. Aliomba fedha za chakula cha mchana na za sare tu. Jibu la kumkataa tuliliandika sisi. Tulitaja kanuni na nambari yake, tukapiga mhuri. Mama alikuja kulichukua mwenyewe, akalisoma mbele ya meza, akalikunja, akasema, "Asante, mwanangu." Mwezi uliofuata akaja kulipa ada yake kama kawaida. Risiti tuliikata sisi.

Hatukuvunja kanuni. Lakini tangu siku ile twajiuliza kama tuliilinda mila au tulilinda karatasi.

Basi Kamati yaomba mambo matatu. Kwanza, theluthi moja ya Mfuko itengwe kwa watoto wa shule za kutwa. Pili, kila ombi litazamwe na wazee watatu pamoja na mwalimu mmoja, nao waangalie haja ya mtoto na bidii yake, si lango la shule yake. Tatu, watoto ambao tayari twawalipia bwenini wasiguswe hadi wamalize kidato cha nne.

Hatutawaficha gharama. Fedha hazitaongezeka kwa sababu ya hotuba. Huenda katika miaka ijayo mtoto mmoja au wawili wakaitwa katika shule kubwa nasi tusiweze kuwalipia yote. Wazazi wao watanung'unika, nao watakuwa na haki. Anayepiga kura ya ndiyo, na apige akilijua hilo. Na mwenye uwezo, aongeze mchango wake.

Wazee wetu, mgomba ukiisha kuzaa hukatwa, na shamba huendelea kwa machipukizi yake. Mwenye shamba hasemi kwamba ameacha mila ya baba yake anapoyapalilia. Shule zilizotulea zimefanya vivyo hivyo kwa zaidi ya miaka mia moja, nasi tu machipukizi yake. Twaomba mtuagize tuandike barua ya pili kwa yule mama, na safari hii iwe barua ya kumwita.

Mungu akibariki Chama chetu.