Mzamiaji, Oksijeni na Tone la Mafuta

Meli inayoingia bandari ya Durban, nchini Afrika Kusini, hupita kwanza ubavuni mwa kilima kirefu kiitwacho Bluff. Mahali hapo pana historia inayotugusa: ndipo walipopewa makazi watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa na kufikishwa Durban kuanzia mwaka 1873. Wazao wao wangali wakiitwa Wazanzibari, ijapokuwa wengi asili yao ni Wamakua wa Msumbiji. Siku hizi, chini ya kilima hicho, upande wa ndani wa bandari, yamejipanga matangi ya mafuta ya Island View. Na mafuta ndiyo mada yetu, kwani kwa mzamiaji anayetumia oksijeni safi, tone moja la mafuta ni la kuogopwa kuliko papa.

Oksijeni yenyewe haiwaki. Huviwakisha vitu vingine. Hewa tunayovuta ina asilimia 21 tu ya gesi hiyo. Tarehe 27 Januari 1967 wanaanga watatu wa Marekani waliteketea katika chombo cha Apollo kilichokuwa bado ardhini, kwa sababu kilijazwa oksijeni tupu na cheche ndogo ikatosha.

Kwa nini basi mzamiaji aichukue? Akiwa chini sana, naitrojeni huingia mwilini mwake, na lazima itoke polepole wakati wa kupanda. Oksijeni safi, ikivutwa katika kina kisichozidi mita 6, huharakisha kazi hiyo. Chini zaidi ya hapo inaweza kumtia kifafa. Wale waliomwona samaki wa kale silakanti katika kina cha mita 104 huko Sodwana, kaskazini mwa Durban, mwaka 2000, hawakuwa watu wa kupanda juu kwa pupa.

Hatari iko kwenye vali. Aliyewahi kujaza upepo baiskeli anajua jinsi pampu inavyopata moto. Vivyo hivyo, vali ya mtungi ikifunguliwa ghafla, gesi hujibana katika nafasi finyu na kuchemka. Ikikuta grisi ya kawaida, vumbi la chuma au hata uzi wa kitambaa, moto huzuka humo humo, ukala mpira, kisha ukala chuma.

Kwa hiyo vali na kifaa cha kupunguzia shinikizo hufunguliwa kipande kwa kipande. Kutu ya shaba huondolewa kwa siki hafifu. Halafu kila kipande huoshwa kwa maji moto na sabuni isiyoacha utando, husuuzwa kwa maji safi kabisa, na kukaushwa kwa hewa isiyo na mafuta. Fundi huvaa glovu zisizo na unga, maana alama ya kidole nayo ni mafuta. Kisha huchunguza chini ya taa ya urujuanimno, ambayo huyafanya mafuta mengi yang'ae. Ingawa si yote, ndiyo maana hutazama pia kama maji yanatandaa juu ya chuma bila kukatika. Pete za mpira hubadilishwa zikawekwa zinazostahimili oksijeni, na grisi ya silikoni huachwa, ikatumiwa ile iliyotengenezwa mahususi kwa kazi hii.

Wengi hudhani mtungi ukishasafishwa umesafika daima. Sivyo. Ukijazwa mara moja tu kwa kompresa ya kawaida, ambayo hewa yake hubeba mvuke wa mafuta, usafi umekwisha, na kibandiko chenye tarehe kilichobaki ubavuni kinasema uongo. Afadhali kibanduliwe siku hiyo hiyo.

Hata mtungi wa huduma ya kwanza, ule unaokaa botini kumsubiri mgonjwa, usishikwe na aliyetoka kutengeneza injini kabla hajanawa mikono. Naye anayeufungua azungushe vali taratibu, kidogo kidogo, uso ukiwa pembeni.